Bwiza, Mtaa Usiompigia Nyota Saluti

Filamu ndefu ya kwanza ya Burundi haikumtukuza mfalme wala mkombozi. Ilimcheka mtu anayejiona. Gito l'ingrat, iliyoongozwa na Léonce Ngabo na kutoka mwaka 1992, inamfuata kijana aliyesoma Paris na kurudi Bujumbura na shahada yake, akiwa na hakika kwamba uwaziri unamngoja. Haumngoji. Anachokuta ni milango ya ofisi na maneno ya njoo kesho. Kisha wanawake wake wawili, Christine wa Ufaransa na Flora wa tangu utotoni, wanakutana, na badala ya kugombana kwa ajili yake wanakaa pamoja kupanga namna ya kumtia adabu. Joseph Kumbela anamcheza Gito kwa uso wa mtu wa mwisho mjini kujua kwamba anachekwa, na hapo ndipo ilipo raha yote ya filamu hiyo.

Kwa watu wa Bwiza, Gito ni mtu wanayemjua. Mtaa huo wa Bujumbura uko karibu kabisa na katikati ya jiji. Anayetoka Ulaya na suti mpya, anayetoka wizarani na gari la serikali, anayetoka studio na wimbo unaopigwa redioni, wote hupita hapo jioni kutafuta mshikaki na kinywaji baridi. Hupita, hukaa, na baada ya nusu saa mtu fulani mezani humkumbusha alivyokuwa akivaa viatu vya kaka yake.

Kuna wanaosema uchekeshaji wa mtu mmoja na kipaza sauti uliingia Bujumbura kupitia televisheni za Nairobi na Kampala. Kwa umbo lake, sawa. Lakini ile jeuri ya kutomwogopa mwenye jina, ambayo bila yake mchekeshaji ni msimulizi tu, ilikuwepo Burundi zamani, na Bwiza ulikuwa na sababu zake za kuipalilia.

Sababu ya kwanza iko kwenye ramani. Bujumbura ilianza kama kituo cha kijeshi cha Wajerumani mwishoni mwa karne ya 19, ikiitwa Usumbura, na Wabelgiji wakaichukua mwaka 1916. Wabelgiji walipenda kila mtu akae fungu lake. Buyenzi ukawa mtaa wa Waswahili, yaani Waislamu wenye asili za Ujiji, Manyema na pwani. Jirani yake Bwiza, ambao watu wa zamani waliuita Belge, ukawapokea wengine waliofuata kazi mjini: makarani, wapishi, madereva, mafundi, kutoka Kongo, kutoka Rwanda, kutoka milima ya Burundi yenyewe. Barabara zikanyooshwa kwa rula na kupewa namba. Hata leo mtu huulizwa anakaa avenyu ya ngapi.

Katika mtaa wa aina hiyo ukubwa wa kurithi hauna soko. Mlimani, jina la baba lilitosha kumfanya mtu apishwe kiti. Kila aliyekuwapo alijua ng'ombe wa ukoo huo na chifu aliyewapa. Kwenye avenyu ya Bwiza jirani wa kulia alikuwa Mbembe, wa kushoto Mnyarwanda, wa mbele Mhaya, na hakuna aliyekuwa na habari na ng'ombe wa mtu. Lugha iliyowaunganisha ilikuwa Kiswahili, na kwa wengi wao haikuwa lugha ya mama. Mtu akitaka kuheshimiwa ilimbidi aanze upya, kwa mdomo wake, mbele ya watu wenye midomo.

Jambo hilo linapata uzito zaidi ukikumbuka kwamba Burundi ya jadi ilikuwa na sanaa kamili ya kujisifu. Ivyivugo, yaani majigambo ya kishujaa, vilikuwa na kanuni, mapigo na msamiati wake. Mwanamume alisimama akajitaja, akataja vita na maadui, na hadhira ikampima kwa ufundi wa ulimi wake. Ng'ombe nao walikuwa na sifa zao za kughaniwa. Taifa lililoijua sanaa ya kujikweza kwa kiwango hicho lisingekosa mtu wa upande wa pili. Warundi wanaye: Samandari, mtani wa masimulizi ambaye visa vyake vinapita kizazi hadi kizazi, bingwa wa kusema mbele ya wakubwa kile ambacho wenzake walikinong'ona tu. Mwaka 2010, waandishi wachanga wa Bujumbura, Roland Rugero miongoni mwao, walipoanzisha baraza la fasihi la kukutana na kubishana hadharani, hawakuliita kwa jina la profesa wala la mfalme. Waliliita Samandari.

Mjini, jukwaa la akina Samandari ni ligala. Asiyeijua Bujumbura aifikirie kama kijiwe, ila kijiwe chenye ukoo. Vijana wa rika moja hukaa kwenye kona ileile mwaka baada ya mwaka, wakajuana mpaka madeni. Hapo kuna mtu wa karata, mtu wa mpira, mtu wa siasa, na kuna mmoja ambaye kazi yake ni kusema. Hapewi cheo hicho na yeyote. Anakishika kwa sababu siku akikosekana ligala inapoa.

Kanuni zake hazijaandikwa popote, lakini kila mtu anazijua. Anayetania lazima akubali kutaniwa. Umaskini wa mtu hauguswi mbele ya mgeni, unaguswa mkiwa peke yenu. Mama wa mtu ni hatari, ila namna anavyopika mboga si hatari sana. Na aliyefanikiwa hana kinga yoyote. Kufanikiwa kwenyewe ndiko kunakomfanya awe halali. Wenye asili ya Tanganyika walikuja na utani wao wa makabila, ule wa Wanyamwezi na Wazaramo, ambao unampa mtu ruhusa ya kumvunjia mwenzake heshima hata msibani. Kwenye ligala ruhusa hiyo haikufuata kabila tena, ilimfuata yeyote aliyekaa kwenye kona.

Mfano mzuri ni wachezaji wa mpira, maana jiji hili limetoa majina. Shabani Nonda, aliyezaliwa Bujumbura mwaka 1977, aliondoka akapitia Young Africans ya Dar es Salaam, Zürich na Rennes hadi Monaco, na mwaka 2004 aliingia kutoka benchi katika fainali ya Ligi ya Mabingwa Ulaya. Ulimwengu ulikumbuka mabao. Ligala, popote pale Bujumbura, hukumbuka penalti iliyopigwa juu ya ukuta wa shule, na daima kuna mtu anayeapa kwamba siku ile yeye ndiye aliyekuwa golini. Penalti hiyo huenda haikupigwa kamwe. Ni kichekesho kinachotungwa juu ya kila mtu aliyeondoka akapata jina, na kazi yake ni kumrudisha mtaani kwa muda wa kinywaji kimoja.

Redio ilileta aina nyingine ya umaarufu, ya ajabu kidogo: sauti zisizo na nyuso. Marie-Louise Sibazuri, mtunzi mashuhuri kuliko wote wa tamthilia za Kirundi, ndiye aliye nyuma ya Ninde, igizo la redio la kila wiki ambalo kwa Warundi wengi lilikuwa sehemu ya ratiba ya nyumba, kama chakula. Ulevi, uchoyo, mahari, mke wa pili, chifu mla rushwa: kila jambo lilipita humo, na kicheko kilikuwa ndicho kibali cha kupitishia mengine. Waigizaji walikuwa maarufu nchi nzima, na bado mwigizaji angeweza kusimama kwenye foleni ya basi bila kutambuliwa, hadi afungue mdomo kuuliza nauli.

Mwaka 1997 Sibazuri alianza kuandikia Studio Ijambo, iliyoanzishwa na shirika la Search for Common Ground miaka miwili kabla, igizo la Umubanyi niwe muryango, kuhusu familia mbili jirani, moja ya Kihutu na moja ya Kitutsi. Vipindi vyake vilihesabika kwa mamia. Ni vigumu kumweleza mtu asiyekuwepo ilivyokuwa kumcheka jirani wa redioni wakati jirani wa kweli ameshakimbia.

Maana kufikia hapo Bwiza wenyewe ulikuwa umevunjwa. Rais Melchior Ndadaye aliuawa Oktoba 21, 1993, na jiji likagawanyika mtaa kwa mtaa. Bwiza na Buyenzi ilikuwa miongoni mwa mitaa michache ambamo watu waliendelea kuishi kwa kuchanganyika. Mwishoni mwa Machi 1995 ikashambuliwa. Watu waliuawa, Wahutu na Wazaire wakafukuzwa, na maelfu wakavuka kwenda upande wa Uvira. Meza zilizokuwa na lugha nne zikabaki na moja. Historia ya uchekeshaji wa mtaa huu ina pengo hapa, na si haki kulijaza kwa hadithi za ushujaa wa kicheko. Palikuwa na miaka ambayo watu waliongea kidogo.

Kilichoendelea kuvuka mpaka kilikuwa Kiswahili cha wengine. Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika na kusini zaidi, Lubumbashi ilikuwa na kundi la Mufwankolo, jina la jukwaani la Odilon Kyembe, lililoigiza kwa Kiswahili cha Katanga tangu zama za Wabelgiji. Mwaka 1986 mwanaanthropolojia Johannes Fabian alilifuata kundi hilo likitengeneza, kutoka kwenye methali isemayo kwamba mamlaka huliwa mazima, igizo kuhusu chifu anayepoteza udhibiti wa kijiji chake. Hiyo ilikuwa Zaire ya Mobutu. Waigizaji hawakumtaja, walimweka chifu jukwaani na kuwaachia watazamaji hesabu iliyobaki.

Kutoka Tanzania zilikuja filamu za vichekesho, hasa za Amri Athumani wa Tanga, yaani King Majuto, aliyefariki Agosti 8, 2018. Somo lake kwa vijana wa Bwiza lilikuwa tofauti na la Mufwankolo. Majuto hakuhitaji chifu. Alihitaji mzee mmoja mroho, mwenye kujiona mjanja, na mlango ambao ungefunguliwa wakati mbaya. Aliwaonyesha kwamba mtu anaweza kuwa nyota wa lugha nzima kwa kucheza mtu asiyestahili heshima yoyote.

Amri ya kutotoka nje usiku iliondolewa Bujumbura Aprili 2006, na mwaka uliofuata Burundi ikaingia Jumuiya ya Afrika Mashariki. Kwa mchekeshaji, la kwanza lilikuwa kubwa kuliko la pili. Uchekeshaji wa jukwaani ni biashara ya usiku. Mtazamaji anayeangalia saa kila dakika tano hacheki. Anahesabu umbali wa kufika kwake. Usiku uliporudi, baa za Bwiza zikarudi nao, na wenye kipawa cha kusema wakaanza kupewa kipaza sauti kati ya wimbo na wimbo.

Ndipo likaja jina ambalo leo Mrundi yeyote hulitaja kwanza akiulizwa habari za uchekeshaji: Kigingi, ambaye kwenye vyeti ni Alfred Aubin Mugenzi. Amesimama peke yake mbele ya hadhira za Bujumbura, na huko Kigali amepanda jukwaa la Seka, maonyesho yaliyoanzishwa na mchekeshaji Nkusi Arthur. Nyuma yake wamekuja vijana ambao hawakupitia maigizo ya redio hata kidogo. Walijifunzia kwenye simu.

Ukikaa kwenye ua wa baa mtaani, viti vya plastiki vikiwa vimegeuzwa kuelekea kona moja na chupa za Primus za sentilita 72 zikiwa miguuni ili zisiangushwe, utaona namna mtu wa aina hii anavyofanya kazi. Anaanza kwa Kifaransa, taratibu, kwa sauti ya mkurugenzi anayefungua semina. Watu wanatulia; wengine wanajiweka sawa bila kujua. Kisha anaangukia Kirundi, sauti ya shangazi wa mlimani anayeuliza kama huyo mkurugenzi ana mke. Na pigo lenyewe linakuja kwa Kiswahili, kifupi, cha kona. Kifaransa kimebeba majivuno, Kirundi kimebeba ukoo, Kiswahili kimebeba mtaa unaowaangalia wote wawili. Mtu wa meza ya nyuma anajibu kabla hajamaliza, na jibu likiwa bora kuliko la msanii, ua mzima unamshangilia mtu wa meza ya nyuma. Mchekeshaji wa Bwiza asiyejua kushindwa vizuri hapati mwaliko wa pili.

Hapo ndipo penye msimamo wake juu ya umaarufu. Wenzake wa muziki huingia na miwani ya giza usiku na vijana wa kufungua njia. Yeye, akijaribu hivyo, amejimaliza, maana bidhaa anayouza ni kutokuwa mkubwa. Kwa hiyo huanza kwa kujivua mwenyewe: kodi ya nyumba anayodaiwa, mkwe asiyejua kazi yake ni nini, foleni ya petroli aliyolala ndani yake akiwa nyota. Ni ivyivugo vilivyogeuzwa kichwa chini. Akishajishusha kiasi hicho ndipo anapata ruhusa ya kumgeukia mwimbaji aliyekaa meza ya mbele, na ruhusa hiyo ina mpaka.

Mpaka wenyewe kila mtu Burundi anaujua ulipo. Nairobi, mwishoni mwa miaka ya 1990, kundi la Redykyulass liliweza kumwigiza Rais Moi, sauti, rungu na vyote, na familia zikakaa sebuleni kuangalia. Bujumbura haijawahi kuwa na anasa hiyo. Jaribio la mapinduzi la Mei 13, 2015 liliposhindwa, vituo binafsi vya redio vilivyosikilizwa kuliko vyote, pamoja na RPA, Isanganiro na Bonesha, vilikuwa vimeharibiwa ndani ya siku mbili, na watangazaji wengi wakakimbia nchi. Mwaka uliofuata, shule moja ya Ruziba, kusini mwa jiji, iliwarudisha nyumbani wanafunzi wapatao 300 kwa sababu picha ya Rais Nkurunziza kitabuni ilikuwa imechorwa-chorwa. Machi 2019, wasichana watatu wa shule mkoani Kirundo walishtakiwa kwa kumtukana mkuu wa nchi kwa kosa la aina hiyohiyo, wakaachiliwa wiki mbili baada ya kukamatwa, kufuatia kelele za dunia nzima.

Masharubu ya kalamu ya wino kwenye picha ya kitabuni: ni utani mkongwe kuliko wote wa darasani, na mwenye kuutenda hata hatafuti kicheko cha mtu zaidi ya jirani wa dawati. Kama huo una gharama hiyo, mtu mwenye kipaza sauti hana haja ya kuelezwa. Ndiyo maana, kwa maoni ya mwandishi huyu, uchekeshaji wa Bujumbura umekuwa hodari kupita kiasi katika kumcheka mtu maarufu. Mwimbaji, mchungaji wa kanisa jipya, tajiri wa ghafla, kijana wa Ulaya anayeomba chenji kwa yuro: hawa ndio machifu wa kukopa. Watazamaji wa Bwiza ni kama wale wa Lubumbashi, wanajua kujumlisha.

Wapo wanaoliona hilo kuwa woga. Hoja yao ina nguvu, ila inasahau kwamba Gito alitengenezwa kabla ya yote hayo, katika miezi ambayo nchi ilikuwa inaelekea uchaguzi wa vyama vingi wa Juni 1993 na watu walikuwa wakisema kwa uhuru kuliko kawaida. Ngabo angeweza kumcheka waziri. Alimcheka anayetaka kuwa waziri, na kila aliyekuwa ukumbini alikuwa na binamu wa hivyo.

Siku hizi Bwiza si hata mtaa wa mji mkuu, kwani tangu mwaka 2019 cheo hicho kiko Gitega, na jiji zima linajua linavyojisikia kushushwa. Manispaa ya Bwiza nayo ilishamezwa ikawa zoni ya manispaa ya Mukaza. Machi 2022 pikipiki, bajaji na baiskeli zilipopigwa marufuku sehemu kubwa ya jiji, wenye maonyesho walilazimika kufikiria upya saa ya kuanza, kwani mtazamaji wa Kamenge au Kanyosha lazima ajue atarudije. Wengi wamehamishia kazi kwenye simu: video ya dakika moja, mtu mmoja akicheza baba, mama na mtoto kwa kubadilisha kilemba. Zinaangaliwa Uvira, Goma na Kigoma, na kwa Warundi waliotawanyika Ubelgiji na Kanada.

Mtaani tatizo lililobaki ni la ufundi. Kichekesho cha Bwiza kikisafiri kwenda Dar es Salaam lazima kivuliwe Kifaransa, na kikivuliwa Kifaransa mkurugenzi wa semina anatoweka, pamoja na nusu ya kicheko. Kikienda Kigali kinabaki na Kifaransa lakini Kiswahili chake kinapokelewa na nusu ya ukumbi. Vijana wanalijua hilo, na baadhi yao wana matoleo mawili ya kila kisa, moja la kusafiria na moja la nyumbani. Lile la nyumbani ndilo refu zaidi, kwa sababu limeachiwa nafasi za watu wa meza ya nyuma.